Bei ya bia ya kijijini wakati wa baridi: unalipia nini hasa?

Bia moja ya kiwanda kidogo kilichoko shambani inaweza kuwa na bei tatu kwa siku moja: bei ya glasi inayonywewa kaunta, bei ya kopo linalobebwa nyumbani, na bei ya kopo hilohilo kwenye rafu ya duka la mjini. Mgeni aliyepita kwenye barabara yenye theluji ili kufika kiwandani hushangaa anapogundua kwamba kopo alilolifuata hadi mlangoni mwa aliyelipika halijapungua bei hata senti moja. Wapo wanaoondoka wakisema wameibiwa, na wapo wanaolipa kwa furaha kwa kuwa tu mahali penyewe ni pazuri na moto unawaka. Hukumu zote mbili ni za haraka. Bei hiyo inajengwa na mambo mengi ambayo hayaonekani ndani ya glasi, na majira ya baridi, wageni wanapokuwa wachache na gharama za jengo zikiwa juu, ndiyo wakati mzuri wa kuyaona.

Msimu wa kazi, si msimu wa kulala

Katika nchi za kaskazini baridi haikuwa kikwazo kwa wapika bia. Kwa karne nyingi ndiyo ilikuwa msimu wao. Mwaka 1553 Albrecht wa Tano, mtawala wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani ya leo, alipiga marufuku upikaji wa bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi tarehe 29 Septemba, kwa sababu bia iliyopikwa wakati wa joto ilikuwa ikiharibika upesi na kugeuka kinywaji kichachu chenye harufu mbaya. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1850, na miaka ya 1870 mashine za kupozea za mhandisi Carl von Linde, zilizofanyiwa kazi kwanza kwenye kiwanda cha bia cha Spaten mjini Munich, zikaufanya kila mwezi wa mwaka ufae kwa kazi hiyo. Huko Wallonia, kusini mwa Ubelgiji, wakulima walipika wakati wa baridi, shughuli za shamba zilipokuwa zimepungua, ili pawepo na kinywaji cha vibarua wakati wa mavuno. Kiwanda cha bia cha Brasserie Dupont, katika kijiji cha Tourpes, kinapika ndani ya majengo ya shamba la namna hiyo, ambako bia imekuwa ikipikwa tangu mwaka 1844.

Mahali ambapo utegemezi huo wa baridi haujaisha ni Pajottenland, mashambani magharibi mwa Brussels, wanakopika lambiki, bia inayochachushwa na chachu za hewani. Maji matamu ya kimea, yakiwa yamechemshwa kwa saa kadhaa pamoja na hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, humiminwa jioni katika sinia kubwa la chuma au shaba, pana kama sakafu ya chumba na lenye kina kifupi, ambalo mara nyingi huwekwa darini. Mvuke hujaa hadi mtu haoni ukuta wa pili, matone hukusanyika kwenye boriti na kudondoka, na usiku kucha hewa ya nje inayopenya kwenye matundu ya paa huyapoza maji yale huku ikiyaachia chachu za mwituni na bakteria. Asubuhi yanapelekwa kwenye mapipa ya mbao, na humo hukaa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Kazi hiyo hufanyika takriban kati ya Oktoba na Aprili tu, kwa kuwa katika usiku wa joto maji hupoa polepole mno na bakteria wasiotakiwa hutangulia wengine. Mtu anayetaka kuiona hana budi kuvaa koti zito.

Hata kwenye viwanda vinavyotumia mashine za kisasa, baridi ina faida na hasara zake. Maji ya kisima na hewa ya nje hupunguza kazi ya kupoza maji ya kimea kabla ya kutiwa chachu, na laga, aina ya bia ambayo huchachuka kwenye nyuzi 8 hadi 13 za Selsiasi na kisha kupumzishwa karibu na sifuri kwa wiki kadhaa, inapata mazingira yanayoifaa bila umeme mwingi. Hopsi za mavuno ya Agosti na Septemba zimeshakaushwa na kufungashwa, kwa hiyo bia za Desemba na Januari hupikwa kwa hopsi zilizo karibu na ubora wake wa juu. Kwa upande mwingine, tangi la eli, aina ya bia inayochachuka kwenye joto zaidi, ambalo linahitaji nyuzi 20 hivi, linapaswa kupashwa joto, ukumbi wa wageni unapaswa kupashwa joto, njia ya kuingilia inapaswa kufukuliwa theluji, na bomba lolote lililosahauliwa nje linaweza kupasuka usiku mmoja.

Geuza kila kitu kuwa lita

Makosa mengi ya kuhukumu bei hutokana na vyombo. Painti ya Marekani ni mililita 473, ya Uingereza ni mililita 568, chupa ndogo ya Ulaya ni mililita 330, chupa ndogo ya Marekani ni 355, glasi ya bia kali inaweza kuwa 250 au hata 150, na chupa kubwa yenye kizibo cha gome ni 750. Katika nchi nyingi za Ulaya glasi ina mstari unaoonyesha ujazo, na mteja ana haki ya kudai bia ifike mstarini. Katika baa nyingi za Marekani glasi iliyozoeleka hufikisha painti ikijaa hadi ukingoni tu, na povu likichukua nafasi yake mteja anapata kiasi kidogo kuliko alichodhani amekilipia.

Tuseme, kwa fedha ya nchi yoyote, kwamba glasi ya nusu lita inauzwa 5, chupa ya mililita 330 inauzwa 4, chupa ya mililita 750 inauzwa 11, na seti ya kuonja yenye glasi nne za mililita 120 inauzwa 8. Kwa macho, chupa ndogo ndiyo rahisi na chupa kubwa ndiyo ghali. Kwa lita, glasi ni 10, chupa ndogo ni 12 na ushee, chupa kubwa ni karibu 14.70, na seti ya kuonja inakaribia 16.70. Kile kinachoonekana kuwa njia ya tahadhari, yaani kuonja kidogo kidogo, ndicho chenye bei kubwa kuliko vyote kwa kila lita. Sisemi kwamba ni dhuluma. Glasi nne huoshwa mara nne, humiminwa mara nne, na anayehudumia hulazimika kueleza kilichomo katika kila moja wakati wengine wanasubiri. Ni gharama ya kujifunza, na inafaa kulipwa mara moja mwanzoni; anayeagiza seti ya pili baada ya kujua anachokipenda anailipia burudani, si bia.

Hesabu ya lita ina mipaka yake. Haiwezi kulinganisha laga ya asilimia 5 ya kilevi na bia nyeusi nzito ya asilimia 11, kwa kuwa ya pili imekula zaidi ya mara mbili ya kimea na imechukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo linganisha bia za aina moja, nguvu moja na namna moja ya kuuzwa, ndipo namba zianze kusema kitu. Angalia pia kama bei iliyoandikwa imekamilika: Ulaya kodi huwa imeshajumuishwa, ilhali Marekani kodi ya mauzo na bahashishi huja juu yake. Vilevile, huko Ujerumani kreti ya chupa 20 za nusu lita huuzwa pamoja na amana ya yuro 3.10, ambayo hurudishwa kreti na chupa zikirudi, kwa hiyo isihesabiwe kama bei ya bia.

Kilichomo ndani ya lita moja

Watu wengi hudhani bei inapanda kwa sababu ya viungo bora. Kwa sehemu kubwa si kweli. Bia ya asilimia 5 inahitaji takriban kilo 17 hadi 20 za kimea cha shayiri kwa kila lita 100, maana yake lita moja haizidi gramu 200. Hata kimea kikipanda bei maradufu, ongezeko kwa glasi moja ni dogo mno kuliko tofauti ya bei ambayo mteja anaiona kati ya kiwanda kidogo na kiwanda kikubwa. Hopsi ni habari nyingine kidogo. Laga ya kawaida hutumia gramu chache kwa lita, ilhali IPA yenye ukungu, ile eli ya hopsi nyingi inayonukia matunda, inaweza kutumia gramu 10 hadi 20 au zaidi, na kilo ya hopsi ina bei kubwa mara nyingi kuliko kilo ya kimea. Tena hopsi hizo hunyonya bia na kubaki nayo chini ya tangi, hivyo mpika bia hununua zaidi na kupata lita chache zaidi kwa wakati mmoja. IPA ya namna hiyo ikiwa ghali kuliko laga ya jirani yake, sababu yake inajulikana.

Kinacholeta tofauti kubwa ni ukubwa wa mtambo. Kupika lita 1,000 na kupika lita 50,000 huchukua siku ya kazi inayokaribia kulingana: kusaga kimea, kukiloweka kwenye maji ya moto, kuchuja, kuchemsha, kupoza, na kisha kusafisha, kusafisha tena, na kusafisha mara nyingine. Mshahara wa siku hiyo ukigawanywa kwa lita 50,000 unakaribia kupotea. Ukigawanywa kwa lita 1,000 unaonekana katika kila glasi. Hakuna ustadi unaoweza kuifuta hesabu hii, na ndiyo maana kulinganisha bia ya shambani na kopo la kampuni ya kimataifa hakumfundishi mtu kitu chochote kuhusu haki ya bei.

Jambo la pili ni muda wa tangi. Tangi ni fedha iliyosimama. Eli inayomaliza kila kitu ndani ya wiki tatu inaruhusu tangi lijazwe mara 17 kwa mwaka. Laga inayokaa wiki saba inaruhusu mara saba tu. Kwa mantiki hiyo laga iliyotunzwa vizuri ingepaswa kuwa ghali kuliko eli nyingi, lakini kwenye orodha za bei mara nyingi ndiyo ya chini kabisa, kwa sababu wateja wamezoea kuiona laga kama kinywaji cha kawaida na wako tayari kulipia hopsi kuliko kulipia subira. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mtu anayetembelea kiwanda kidogo wakati wa baridi na kuagiza laga anapata kazi nyingi zaidi kwa fedha yake kuliko kwa kinywaji kingine chochote ukumbini. Bia iliyolala kwenye mapipa ya mwaloni iko mwisho wa mizani hiyo: pipa linachukua nafasi kwa miezi au miaka, sehemu ya bia huvukia mbaoni, na mapipa mengine huharibika na kumwagwa. Bei yake inabeba pia yale yaliyomwagwa.

Je, kuwa shambani kunapunguza gharama? Ardhi na pango ni nafuu, maji huenda yanatoka kisimani, na makapi ya kimea huliwa na ng'ombe wa jirani. Lakini kila gunia, chupa na kopo huja kwa lori kutoka mbali, na maji machafu yanahitaji kushughulikiwa pasipo na mfumo wa majitaka wa mji. Pengine sheria yenyewe huongeza gharama kwa makusudi mema: jimbo la New York lilipoanzisha leseni ya viwanda vya bia vya shambani, kwa sheria iliyotiwa saini mwaka 2012, lilitaka asilimia 20 ya hopsi na asilimia 20 ya viungo vingine vitoke ndani ya jimbo, na kuanzia 2019 kiwango hicho kikapanda hadi asilimia 60. Wakulima wa huko walipata soko, na wapika bia walipata kimea chenye historia nzuri na bei kubwa zaidi kuliko kile cha viwanda vikubwa.

Serikali nayo imo ndani ya glasi

Anayelinganisha bei za nchi mbili bila kutazama ushuru analinganisha serikali, si wapika bia. Ujerumani hutoza bia kwa kipimo cha utamu wa maji ya kimea kabla ya kuchachuka: senti 78.7 za yuro kwa kila digrii kwa lita 100, hivyo bia ya kawaida ya digrii 12 hulipiwa karibu senti 9.4 kwa lita, na viwanda vidogo hulipa pungufu ya hapo. Uingereza, tangu mageuzi ya Agosti 2023, hutoza kwa kiasi cha kilevi halisi, zaidi ya pauni 20 kwa lita ya kilevi kwa bia za kawaida za chupa na kopo, maana yake lita ya bia ya asilimia 5 inabeba ushuru unaozidi pauni 1 kabla ya nafuu inayotolewa kwa viwanda vidogo na ile ya bia inayotolewa kwenye mapipa ya baa. Serikali kuu ya Marekani inawatoza wapika bia wadogo dola 3.50 kwa pipa la lita 117 katika mapipa yao 60,000 ya mwanzo, yaani senti 3 hivi kwa lita, ingawa majimbo nayo huongeza yao. Mwenye kiwanda kijijini Uingereza na mwenzake wa Bavaria wanaweza kufanya kazi ileile kwa uaminifu uleule, na bado glasi zao zisikaribiane bei.

Kwa nini mlangoni si nafuu kuliko dukani

Turudi kwenye kopo lililomshangaza mgeni, kwa sababu hapa ndipo malalamiko mengi yalipo. Bia inayouzwa dukani imepita kwa msambazaji na kwa mwenye duka, na kila mmoja amechukua chake. Marekani njia hiyo ya hatua tatu ilijengeka ndani ya sheria za majimbo baada ya marufuku ya pombe kumalizika mwaka 1933, ingawa majimbo mengi sasa yanawaruhusu wapika bia wadogo kumuuzia mnywaji moja kwa moja. Tuchukue mfano wa kopo linalouzwa 100 dukani: duka likibaki na 25 na msambazaji na 20, mpika bia anapokea 55. Akiliuza kopo hilohilo mlangoni kwake kwa 100, zote 100 ni zake.

Mgeni husema kwamba angeweza kuliuza 70, akapata zaidi ya 55, na wote wawili wakafurahi. Hesabu hiyo ni sahihi lakini haijamtaja mwenye duka. Duka linalogundua kwamba mpika bia anauza kwa bei ya chini kuliko lenyewe halina sababu ya kuendelea kumpa nafasi kwenye rafu, na msambazaji hatajisumbua kulishawishi. Mpika bia anahitaji maduka wakati wa baridi hasa, wageni wanapopungua. Zaidi ya hayo, ile tofauti kati ya 55 na 100 ndiyo inayolipa mkopo wa matangi. Viwanda vingi vidogo havipati faida ya maana kwenye bia inayoondoka kwa lori; huishi kwa ile inayouzwa mlangoni.

Kwa hiyo bei sawa mlangoni na dukani ni haki. Bei ya mlangoni ikizidi ya duka la mjini kwa bia ileile ya tarehe ileile, hapo pana swali, na ni halali kuliuliza kwa adabu. Bia inayojazwa kutoka bombani kwenye chombo cha mteja inapaswa kuwa nafuu kidogo kwa lita kuliko ya kopo, kwa kuwa hakuna kopo, hakuna lebo wala mashine ya kujazia iliyotumika. Nayo glasi ya kaunta, ingawa kwa lita inaweza kuwa juu ya kopo kwa sababu ya kiti, joto na huduma, isizidi glasi ya bia hiyohiyo katika baa ya mjini, ambayo imenunua kegi, yaani mapipa ya bia, kwa jumla na inalipa pango la mji. Ikizidi, basi kinachouzwa ni mandhari. Mandhari si kitu kibaya cha kununua, mradi mnunuzi ajue ndicho anachonunua.

Baridi inaingiza jambo ambalo wageni wachache hulifikiria. Tuseme kuufungua ukumbi kwa siku, yaani joto, taa na mhudumu mmoja, kunagharimu 120. Siku ya kiangazi zikiuzwa glasi 200, kila glasi inabeba 0.60, siku ya Januari zikiuzwa glasi 40, kila glasi inabeba 3. Bei ubaoni lakini haibadiliki. Viwanda vya vijijini kwa kawaida havipandishi bei wakati wa baridi, hupunguza siku na saa za kufungua, vikabaki na siku za mwisho wa wiki tu. Mgeni wa Januari analipa bei ya Julai kwa huduma ambayo imemgharimu mwenyeji mara tano, na tofauti hiyo imeshalipwa na umati wa kiangazi. Anayelalamika kuhusu bei siku ya theluji amechagua siku ambayo malalamiko yake yana nguvu ndogo kuliko zote.

Bei inayotokana na uhaba, na bei isiyoutaka

Hadi hapa tumezungumzia gharama, lakini bei nyingine hazina uhusiano nazo. Kiwanda cha Hill Farmstead, kilichofunguliwa mwaka 2010 kwenye ardhi ya familia ya Shaun Hill huko Greensboro, jimbo la Vermont, Marekani, kilijipatia sifa iliyowafanya watu waendeshe magari kwa saa nyingi, baridi ikiwemo, hadi kwenye kilima chenye barabara ya changarawe. Mahali pa namna hiyo pangeweza kutoza karibu chochote. Watawa wa abasia ya Sint-Sixtus huko Westvleteren, Ubelgiji, wanaopika moja ya bia zinazosakwa zaidi duniani, wameamua kinyume: wanapika kiasi kinachowatosha kuishi na kutunza abasia, wanauza kwa oda iliyowekwa mapema, na wanawaomba wanunuzi wasiiuze tena. Matokeo yake ni kwamba bia yao ina bei ya kiasi kwenye lango lao na bei mara kadhaa ya hiyo mikononi mwa walanguzi. Hakuna kilichobadilika ndani ya chupa kati ya lango na mlanguzi. Toleo dogo lenye nta shingoni na namba ya mkono kwenye lebo linaweza kuwa na sababu za kweli za kuwa ghali, lakini nta si mojawapo.

Mfano wa upande wa pili ni Aufseß, jumuiya ndogo ya vijiji katika milima ya Franconia, Ujerumani, ambayo mwaka 2000, ikiwa na wakazi wapatao 1,500 na viwanda vinne vya bia, iliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Njia ya miguu ya kilomita zipatazo 14 inaviunganisha vyote vinne. Bia ya huko ni nafuu kiasi cha kumtia mashaka mgeni aliyezoea bei za Boston au London, naye huenda akadhani ni duni. Si duni. Ushuru ni mdogo, jengo na mtambo ni vya familia tangu vizazi vilivyopita, hopsi zinatumika kwa kiasi, na wenyeji wanakuja kunywa mwaka mzima, kwa hiyo bei inawekwa kwa ajili ya jirani atakayerudi wiki ijayo na si kwa mtalii wa siku moja. Bei ndogo, sawa na bei kubwa, ina sababu zake, na inafaa kuzitafuta kabla ya kuitafsiri.

Mambo ya kuangalia ukiwa huko

Piga simu au tazama ratiba kabla ya kuondoka, kwa kuwa saa za baridi si za kiangazi na ukumbi unaweza kufungwa ghafla kwa theluji. Ukifika, tazama tarehe iliyochapwa chini ya kopo. Mauzo yakizorota Januari na Februari, makopo ya vuli hubaki ghalani, na IPA iliyokaa miezi mitano imepoteza harufu iliyoipandishia bei. Kopo kama hilo likipunguzwa bei, si lazima liwe mtego: kama limehifadhiwa kwenye ubaridi wakati wote na punguzo ni la theluthi au zaidi, lichukue na ulinywe mapema. Kwa bia nyeusi nzito au ya mapipa umri huo si kasoro, na punguzo lake ni bahati.

Ingiza usafiri katika hesabu. Nimeona watu wakibishana kuhusu tofauti ndogo ya bei ya kopo moja baada ya kuchoma mafuta ya kilomita 100 kulifuata. Na kama safari ni ya gari, anayeendesha asinywe. Kikomo cha kilevi kwenye damu ni gramu 0.8 kwa lita Uingereza na Wales, 0.5 Scotland tangu mwisho wa 2014 na Ujerumani pia, na 0.2 tu Sweden, lakini barabara yenye barafu haisubiri mtu afikie kikomo chochote. Dereva anayebaki na maji na kubeba makopo yake nyumbani anapata bia ileile, mara nyingi kwa bei ya lita iliyo nafuu kuliko ya wenzake waliokaa kaunta.

Makopo hayo yasiachwe kwenye buti usiku. Bia ya asilimia 5 huanza kuganda kwenye nyuzi 2 au 3 hivi chini ya sifuri, na maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9, kiasi kinachotosha kupasua chupa na kuvimbisha kopo. Ile ya asilimia 10 huvumilia nyuzi chache zaidi, lakini ndiyo iliyokugharimu zaidi, kwa hiyo nayo iingize ndani.